Punda, pepopunda na dumu la maji: marufuku ya ngozi inakuhusu vipi wewe mama?

Mama mmoja alikosa sindano yake ya pili ya pepopunda kwa sababu punda wake alikuwa na kidonda mgongoni.

Tulikuwa kwenye huduma ya mkoba, upande wa tambarare, katika kijiji kinachopakana na Handeni. Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Bungu na boksi la chanjo. Kadi yake ilionyesha alipaswa kuchomwa mwezi mmoja na nusu nyuma, na mimba ilikuwa na miezi saba. Nikamuuliza kwa sauti ya kulaumu kidogo, ile sauti yetu manesi mnayoijua, mbona hukuja? Akajibu taratibu: "Punda anaumwa, nesi. Maji ningechota na nini?" Wiki zote zile alikuwa anakwenda kisimani mwenyewe, dumu kichwani, na siku ya kliniki iliangukia siku ambayo maji yalikuwa yameisha nyumbani.

Kadi ya kliniki haina mahali pa kuandika habari za punda. Ndiyo maana naziandika hapa.

Ukiishi huku kwetu Bungu unaweza kujiuliza punda anatuhusu nini. Milimani punda ni wachache. Mzigo wa kuni, mkungu wa ndizi na ndoo ya maji vinapanda kichwani kwa mwanamke, na anayeweza kulipa anaita bodaboda, mvua ikiruhusu. Lakini shuka kuelekea Korogwe, vuka uingie Handeni, utawaona punda wakiwa na madumu ubavuni, wakiongozwa na mama au mtoto. Handeni maji yamekuwa shida tangu bibi zetu wakiwa wasichana. Bomba kubwa ambalo wazee wanaliita HTM lilijengwa miaka ya 1970 kuchota maji ya Mto Pangani huku Korogwe na kuyapeleka Handeni, na bado kuna kaya nyingi ambazo bomba lao la kweli lina miguu minne. Farasi hamna, na sababu ni ya kiafya: ndorobo hueneza ugonjwa wa nagana unaomuua farasi haraka, na kuna homa nyingine ya farasi inayoletwa na visubi. Punda huvumilia magonjwa hayo vizuri zaidi. Kwa hiyo kazi zote zikamwangukia yeye.

Kilichoamuliwa Addis Ababa

Huenda umesikia redioni kwamba Afrika imekataza biashara ya ngozi za punda. Ni kweli. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Tanzania ilikuwa imetangulia: mwaka 2022 ilisitisha biashara hiyo kwa miaka 10, na Desemba mwaka huo huo mkutano wa kwanza wa Afrika kuhusu punda ulifanyika Dar es Salaam.

Ngozi hizo zinakwenda China, ambako huchemshwa kupata gundi iitwayo ejiao. Watu huitumia kama dawa ya damu na urembo. China yenyewe ilikuwa na punda wapatao milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo hawafiki milioni 3. Punda huzaa mtoto mmoja baada ya kubeba mimba karibu mwaka mzima, kwa hiyo huwezi kumfuga kama kuku, leo umekula kesho wameanguliwa wengine. Walipopungua kule, wanunuzi wakaja Afrika. Kwetu kulikuwa na machinjio Dodoma na Shinyanga. Kenya walifungua manne. Huko Kenya watu walianza kuamka asubuhi na kukuta punda wao wamechunwa ngozi porini, nyama imeachwa. Serikali yao ilitangaza kuyafunga machinjio mwaka 2020, mahakama ikalitengua katazo hilo mwaka 2021.

Sasa, mimi naona uamuzi wa Addis ni mzuri, na nitakuambia kwa nini sishangilii sana. Kwanza, uamuzi wa wakuu wa nchi haufanyi kazi mpaka kila nchi iweke sheria na askari wa kuisimamia, na mwizi wa usiku hasomi maazimio. Pili, na hili ndilo linalotuhusu zaidi, marufuku inamlinda punda dhidi ya kisu cha mnunuzi wa ngozi. Haimlindi dhidi ya kamba inayomkata mgongo, mzigo uliozidi, au kidonda kilichopakwa oili chafu ya gari. Kwa huku kwetu, naamini punda wengi zaidi wanaondoka kwa njia hii ya pili, polepole, na hakuna redio inayotangaza.

Wakati wa kampeni ya chanjo ya mifugo ya mwaka 2025 tulisikia habari za ng'ombe na homa ya mapafu, mbuzi na kondoo na sotoka, kuku na mdondo. Hao ndio walilengwa, na si vibaya, maana wanauzwa na wanaliwa. Punda haliwi wala hauzwi minadani kwa bei ya kujivunia. Faida yake ni saa ambazo mama hakuzitumia njiani, na saa za mama hazipigiwi hesabu na mtu.

Basi tuzipige sisi. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Mama hubeba moja kichwani. Punda anabeba mawili bila taabu. Kama kisima kiko mwendo wa nusu saa, safari moja ya punda inafanya kazi ya safari mbili za mama, ambazo zingemchukua saa mbili nzima, na kwa siku huwa si safari moja. Punda akilala mgonjwa wiki tatu, saa hizo zinatoka kwako: kwenye usingizi, kwenye kunyonyesha, kwenye kliniki. Na kama una mimba kubwa, zinatoka mgongoni na kiunoni. Wako wanaokuja kwangu na maumivu ya nyonga, nikiwauliza wanabeba nini, jibu ninalijua kabla hawajamaliza.

Pepopunda: jina lenyewe limesema

Wazee waliouita ugonjwa huu pepopunda walikuwa na macho. Punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika vibaya zaidi na ugonjwa huu. Mnyama hukakamaa, masikio yanasimama wima, mkia unatoka nje kama fimbo, miguu inatanuka kama ya benchi, na taya zinafunga hata majani hayapiti. Mtu naye hukakamaa vivyo hivyo. Hakuna pepo hapo. Ni kijidudu kinachoishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, wakiwemo punda na ng'ombe. Kinaweza kulala kwenye udongo miaka mingi kikisubiri. Kikiingia kwenye kidonda kirefu au kichafu, hutoa sumu inayokaza misuli.

Tafadhali usinielewe vibaya ukamfukuza punda. Hupati pepopunda kwa kumgusa, wala kwa kumgusa mgonjwa. Njia ya kuingilia ni kidonda: mwiba, msumari zizini, wembe wa zamani. Kwa mtoto mchanga, njia ni kitovu.

Mtoto mwenye pepopunda huzaliwa mzima. Siku mbili za kwanza ananyonya na analia kawaida. Kisha, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya 28, anashindwa kunyonya, mdomo unabana, mwili unakaza, na akiguswa au akisikia kelele anajikunja na kutetemeka. Ukiona hivyo usisubiri asubuhi, usimpeleke kwanza kwa mganga. Nenda hospitali usiku huo huo. Wengi wa watoto hawa hufa, hata wakifikishwa, ndiyo maana tunawasumbua sana juu ya kinga.

Kinga yenyewe ni rahisi. Mama ukichomwa sindano ya pepopunda wakati wa ujauzito, kinga inavuka kwenda kwa mtoto kabla hajazaliwa. Ya kwanza unaipata hudhurio la mwanzo, ya pili baada ya wiki nne, na isipungue wiki mbili kabla ya kujifungua. Ukiendelea na ratiba mpaka dozi tano, umejikinga kwa miaka yako yote ya kuzaa. Mtoto naye anachomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, na sindano hizo hizo zina kinga ya kifaduro. Nasema hili la kifaduro kwa makusudi, kwa sababu bado nasikia bibi zetu wakisema dawa yake ni maziwa ya punda. Shikamoo bibi, lakini hapana. Maziwa mabichi ya mnyama yeyote yanaweza kumletea mtoto magonjwa mengine.

Kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Kisipakwe kinyesi cha mnyama, majivu, udongo, mate, wala mafuta ya taa. Kama umejifungulia njiani kabla ya kufika kituoni, wembe uwe mpya, na uje kituoni siku hiyo hiyo.

Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya wajawazito na watoto wachanga. Wengine wakisikia hivyo wanadhani sindano haina kazi tena. Kutokomeza hapa kuna maana kwamba katika kila wilaya wagonjwa ni chini ya mtoto mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Kijidudu bado kimo zizini kwako leo. Kinachokizuia ni sindano, na sindano ikikosekana kwa sababu ya punda mgonjwa, tumerudi tulikotoka.

(Jambo moja ambalo huwa linanifurahisha: dawa ya kwanza dhidi ya sumu ya pepopunda ilitengenezwa kwa damu ya farasi. Askari waliojeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia walichomwa hiyo. Kwa hiyo jamaa yake punda ameshatusaidia kuliko tunavyomshukuru.)

Mgongo wa punda wako

Mimi si daktari wa mifugo, na dawa za mnyama nakuomba umuulize afisa mifugo wa kata. Lakini kidonda ni kidonda, na mambo haya unaweza kuyafanya leo.

Punda wetu wengi wana uzito wa karibu kilo 150. Mzigo unaoshauriwa ni kama theluthi ya uzito huo, yaani kilo 50. Madumu mawili yaliyojaa ni kilo 40, sawa. Manne ni kilo 80, zaidi ya nusu ya punda mwenyewe, na ndiyo tunayoyaona kila siku barabarani. Mwenye mimba kubwa apunguziwe, kama wewe.

Chini ya mzigo weka kitu kinene na laini, gunia lililokunjwa au blanketi kuukuu, lisiwe na fundo wala mshono unaokwaruza. Kamba ya plastiki isiguse ngozi. Jioni ukimfungua, pitisha mkono mgongoni na kifuani. Ngozi yenye joto au iliyovimba leo ni kidonda cha wiki ijayo, na ukimpumzisha siku mbili sasa unaepuka kumpumzisha mwezi. Kidonda kikishatokea, kioshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na asibebe kitu juu yake mpaka kipone. Oili ya gari, maji ya betri na majivu vinachoma nyama na kufungia uchafu ndani. Kisha nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Punda haonyeshi maumivu kama mbuzi anayelia. Akinyamaza, akiacha kula, akijitenga, tayari anaumwa sana. Akijigaragaza na kutazama tumbo, mpigie afisa mifugo mara moja. Akianza kukakamaa kama nilivyoeleza, hivyo hivyo. Akiumwa na mbwa, au akibadilika ghafla na kuanza kung'ata, weka watoto mbali na utoe taarifa, kwa kuwa kichaa cha mbwa kinampata punda pia. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu aende kituoni kuchomwa sindano, hata kama jeraha ni dogo.

Chanjo ya pepopunda kwa wanyama ipo. Mimi sijakutana na mwenye punda kijijini ambaye mnyama wake amechanjwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamhusu punda kama inavyomhusu ng'ombe, kwa hiyo kwenye mkutano wa kijiji una haki ya kusimama na kuuliza: chanjo ya punda tunaipata wapi, na wakija kuogesha ng'ombe pale joshoni, nani ataangalia punda wetu? Wanaume wakicheka, waulize nani anachota maji ya kuoga.

Na kama punda anaumwa na siku yako ya kliniki imefika, usikae kimya. Mwambie mhudumu wa afya wa kitongoji chako. Tunaweza kukuchoma siku ya mkoba karibu na kwako, au kukupangia siku nyingine kabla wiki hazijapita.

Yule mama alichomwa siku ile ile, chini ya mwembe. Alikuwa amekuja na dumu tupu, na aliondoka nalo kuelekea kisimani. Punda alikuwa bado hajapona.