Tufunge biskuti, tusimfunge mteja macho

Testi zimeisha, boom nalo liliisha kabla ya testi kama kawaida yake, na huku hosteli kila baada ya milango miwili kuna mtu anapokea oda. Huyu anauza ubuyu, yule visheti, mwingine vileja na biskuti za karanga. Siwacheki hata kidogo, maana hata mimi Jumamosi huwa naenda kwa shangazi Temeke kuoka, na hizo biskuti ndizo zinazonilipia fotokopi. Leo nina neno moja tu, nalo linahusu namna tunavyozifunga hizo biskuti kabla hazijamfikia mteja.

Kwa maoni yangu, kifungashio kina kazi tatu na zina mpangilio wake. Kwanza kilinde, pili kiseme, tatu ndo kipendeze. Sisi wengi tumeanzia kwenye ya tatu tukaishia hapohapo. Angalia status za watu: boksi jeupe, utepe wa dhahabu, stika yenye jina la biashara kwa mwandiko wa kujikunjakunja hata husomi. Picha kali kweli. Ukifungua sasa... vileja vimegeuka unga, na biskuti zimelegea kama mkate wa juzi.

Tunaosoma ualimu hili tunalijua vizuri. Unaweza kwenda mazoezi ya kufundisha na chati ya rangi saba, lakini kama haimsaidii mtoto kuelewa somo, hiyo siyo zana, ni pambo la ukuta. Boksi nalo ni hivyohivyo.

Tuanze na kulinda. Dar hii hewa yake ina unyevunyevu, na biskuti kavu hunyonya unyevu huo haraka. Ukiziacha kwenye boksi la karatasi tupu usiku mmoja, asubuhi haziliki kwa mlio tena. Ukizifunga zikiwa bado za moto nako umejiloga, maana mvuke unakosa pa kutokea, unageuka matone ndani ya mfuniko, na baada ya muda ukungu unaingia. Kwa hiyo ziache zipoe kabisa kwanza, hata kama mteja anapiga simu kila dakika tano. Halafu usichanganye laini na kavu kwenye pakiti moja, kwa sababu kavu itavuta unyevu wa laini na zote zitaharibika. Za hiliki na za vanila nazo zitenganishe, harufu zinaambukizana.

Vileja ndiyo kesi ngumu zaidi. Unga wa mchele na samli havishikani kama ngano, ukikigusa vibaya kinamomonyoka. Basi vipange safu kwa safu, katikati weka karatasi ya kuokea, na chombo kijae vizuri ili visichezecheze njiani. Mteja wako yuko Mbagala na kifurushi kinapanda bodaboda, unategemea nini? Halafu tafadhali jamani, magazeti na karatasi za mitihani ya zamani tuwaachie hao wa kusokota karanga, na hata wao naona waache. Samli inanyonya wino, na wino siyo kiungo cha kupikia.

Bibi zetu hili walilimaliza zamani. Mkebe wa maziwa ya unga, umeoshwa, umekaushwa juani, mfuniko unabana mpaka uufungue kwa kijiko. Hauna uzuri wowote, lakini vileja vya Idi vilikuwa vinakaa humo siku nyingi na bado vinavunjika kwa mlio. Sisemi turudi kwenye mikebe. Nasema bibi alijua chombo ni cha kazi gani.

Sasa tuje kwenye kusema, ambako ndiko kunakoniuma. Muhula uliopita mwenzetu mmoja, ambaye karanga hazimpendi kabisa, aliletewa zawadi ya biskuti. Boksi la kuvutia, utepe, kadi ya "hongera". Hakuna mahali palipoandikwa zina nini ndani. Alikula moja na nusu, midomo ikavimba, pumzi ikaanza kumpaa, wakamkimbiza zahanati. Namshukuru Mungu yuko salama. Aliyezioka hakuwa na nia mbaya, na simtaji. Lakini zile pesa za utepe zingetosha kununua karatasi na kalamu, akaandika neno moja: KARANGA.

Kwa hiyo oda inapotoka mkononi mwako, iandike. Jina la kitu, vilivyomo vyote (ngano, mayai, maziwa, karanga, korosho, usifiche hata kimoja), tarehe uliyooka, uzito, na namba yako ya simu. Kama trei ileile uliokea za karanga, nalo lisemwe. Na iandikwe kwa Kiswahili, maana anayekula ni huyu wa Kariakoo, siyo wa London.

Najua kuna watakaosema "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza", kwamba biskuti tamu haihitaji makaratasi. Ni kweli, utamu unamrudisha mteja. Lakini ulimi hauwezi kumwambia mtu kuna nini ndani kabla hajameza. Wengine watasema lebo ni mambo ya viwanda. Haya, ukitaka kukua ufike dukani, TBS ndiyo imekuwa ikisimamia usalama wa chakula tangu Julai 2019, baada ya kazi hiyo kutoka TFDA, na hapo lebo siyo hiari tena. Bora mkono uzoee sasa.

Suala la gharama nalo tulipige hesabu. Tuseme pakiti unauza 5,000, boksi la madoido na utepe ni 1,500. Umegawa karibu theluthi ya pesa kwa kitu kitakachotupwa jalalani dakika mbili baada ya kufunguliwa. Chombo chenye mfuniko unaobana mteja atakiosha na kukitumia tena. Ukikiweka kwenye mfuko wa kaki, ule ambao wote tuliuzoea baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, umemaliza. Pesa iliyobaki nunua samli ya maana.

Na uzuri je? Uwepo, sina ugomvi nao. Kamba ya katani iliyofungwa vizuri na mwandiko safi vinatosha kabisa kwa mahafali hata kwa posa. Ila uje mwisho, baada ya zile mbili.

Nyie mnaopokea oda mnafungaje zenu? Na nyie mnaokula, mmewahi kuuliza kuna nini ndani kabla ya kutafuna? Naomba kuwasilisha.