Turudishieni Fimbo Zetu

Niseme wazi tangu mwanzo. Kijana anayeamka saa kumi na moja na nusu asubuhi, akasimama nyuma ya nyumba yao Kinama au Buterere, akarudia kata yake mara tano na kupiga hewa kwa fimbo mara mia, huyo kijana hajiandai kwenda vitani. Anafanya kitu ambacho vita haikitaki. Na wale wanaosema sisi tunatengeneza makadogo wapya, naomba wasome hadi mwisho kabla ya kupeleka karatasi hii biroo.

Kwa wasiojua habari: shirika moja linalotusaidia lilileta masharti. Karate inaweza kubaki, lakini iitwe "michezo ya vijana". Fimbo na panga za mti zitoke uwanjani. Eti picha ni mbaya. Eti wakimbizi waliokimbia panga hawawezi kuona vijana wao wakishika panga, hata kama ni la mti. Wazee wengine wakaitikia, ndiyo, ndiyo. Leo fimbo zetu zimefungiwa stoo, na ufunguo anao mtu ambaye hajawahi kutuuliza tunazifanyia nini.

Hofu yenyewe siidharau. Kwenye Kiswahili cha vitabu, upanga na panga ni vitu viwili. Upanga ni silaha ya askari wa zamani, panga ni chombo cha shamba. Kwetu sisi wa Kivu na wa Burundi maneno hayo mawili yamekuwa moja, na hilo moja limebeba maiti. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, pale Gatumba, karibu na mpaka, kambi ya wakimbizi Wakongomani ilishambuliwa kwa risasi, mabomu ya mkono, panga na moto. Watu zaidi ya 150 walikufa, wengi wao Wanyamulenge, na wengi walikuwa wanawake na watoto. Mama aliyepoteza watu wake kule akiona kijana anainua mti juu ya kichwa na moyo wake ukaruka, mimi sina neno la kumwambia. Nitaweka fimbo chini na nitamsalimia. Kesho nitatafuta sehemu ambayo hanioni.

Lakini tuulizane kitu kimoja. Wale waliofanya Gatumba, walikuwa na sensei? Kuna aliyewafundisha kusimama, kupumua, kurudia mjongeo mmoja miaka mitatu hadi ukae sawa? Panga linaua bila mazoezi yoyote. Mtu ambaye hajawahi kujitawala hata dakika moja anaweza kulishika na kuua jirani yake. Anachohitaji ni kundi nyuma yake, kelele, na mkubwa wa kumwambia "nenda". Sasa angalia kijana wetu asubuhi. Yuko peke yake. Hakuna kelele. Hakuna mkubwa aliyemtuma. Akikosea anarudia, akichoka anaamua mwenyewe kama ataendelea. Vitu vyote vinavyomfanya mtu awe muuaji wa kundi, hapo havipo. Mnaona fimbo tu, mkono ulioishika hamuuoni.

Wapo watakaonijibu kwamba hata jeshi linafanya mazoezi kila siku. Kweli. Tena nitawaongezea: hata Japani kwenyewe sanaa hii ilitumiwa vibaya. Kabla ya 1945 kendo, yaani mchezo wa upanga, ilifundishwa mashuleni kutayarisha vijana kwa jeshi la mfalme. Vita ilipoisha, Wamarekani walioikalia Japani wakaikataza. Walikuwa na sababu. Halafu miaka ikapita, watu wakapanga upya namna ya kufundisha, na mwaka 1952 shirikisho la kendo la Japani likaundwa. Leo watoto wa shule kule wanafanya kendo mchana kweupe, na hakuna anayesema Japani inatayarisha vita kwa fimbo za mwanzi. Kwa hiyo swali zuri ni hili: nani anafundisha, anafundisha kwa ajili ya nini, na mlango uko wazi au umefungwa? Mlipochukua fimbo zetu hamkuuliza hata moja katika hayo.

Na karate? Wazazi wengine wanasikia neno "kata" wanafikiri tunafundisha kukata. Hapana, wamama. Kata ni neno la Kijapani, maana yake ni umbo, mpango wa mijongeo unaofanywa peke yako. Ile ya kwanza ambayo wengi wetu tunafundishwa, Heian Shodan, ina mijongeo 21 na haimalizi dakika moja. Inaanza kwa kujikinga. Kata zote tano za Heian zinaanza kwa kujikinga. Siyo bahati. Ziliundwa na mzee Anko Itosu wa Okinawa kwa ajili ya watoto wa shule, zaidi ya miaka mia iliyopita.

Mwanafunzi wake, Gichin Funakoshi, alikuwa mwalimu wa shule. Ndiye aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922. Alifundisha kwamba mtu wa karate hawi wa kwanza kupiga. Alikaa miaka kumi na kata tatu tu, zile za Tekki. Miaka kumi! Sisi hapa mtu akimaliza miezi sita bila mkanda mpya anahama klabu. Na kuna jambo lingine ambalo wakimbizi tungepaswa kulijua. Mwaka 1945 dojo lake la Tokyo liliteketea kwa mabomu. Kisiwa chake cha Okinawa kiliharibiwa na vita. Mke wake akawa mkimbizi katika eneo la Oita, na hakurudi nyumbani tena, alifariki 1947. Mzee alibaki bila jengo na bila mke, lakini kilichokuwa mwilini mwake hakikuungua. Aliendelea kufundisha. Karate mnayoiona leo duniani ilipita kwa mikono ya mtu aliyepoteza nyumba kama sisi.

Ndiyo maana nasema mazoezi ya mtu binafsi ni mali ya mkimbizi kuliko vitu vingi tunavyogawiwa. Shuka linachakaa. Karatasi inaisha muda. Uwanja unachukuliwa. Mwanzoni mwa 2025, Bukavu ilipoanguka, ndugu zetu makumi ya maelfu walivuka Ruzizi, na wengi walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Uwanja ukawa nyumba. Hapo mpira utacheza wapi? Lakini kata inahitaji nafasi ya mikeka miwili. Fimbo inahitaji urefu wa mkono wako na anga juu. Ukikosa hata hiyo, unafanya polepole umekaa, kwa mikono tu. Najua mtu aliyefanya hivyo ndani ya hema, wengine wamelala.

Hapa Bujumbura tena tunajua kwamba mazoezi ya kundi ni kitu kinachoweza kuzimwa. Mji huu unapenda kukimbia kwa makundi, watu wakiimba. Machi 2014, baada ya fujo za siasa, wakuu walikataza kukimbia kwa makundi barabarani, wakaacha viwanja vichache tu. Leo sizungumzii siasa, na mkimbizi hana faida ya kuizungumzia. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kufanya na kundi peke yake, siku kundi likikatazwa anakaa kitako. Mtu mwenye zoezi lake mwenyewe anaendelea uani, na hakuna sheria aliyoivunja.

Sasa ndugu zetu wa mashirika. Nawaheshimu, wengi wenu mnafanya kazi ngumu. Lakini namna yenu ya kusaidia michezo inaharibu mazoezi. Mnakuja na mradi wa miezi mitatu. Kuna fulana, kuna mipira, kuna siku ya fainali yenye spika kubwa na picha. Mnahesabu walioshiriki: wavulana wangapi, wasichana wangapi. Halafu mradi unaisha, na vijana wanaisha nao, kwa sababu walijifunza kwamba mazoezi ni kitu kinacholetwa na gari. Mimi ningependa muhesabu kitu kingine. Miezi sita baada ya fulana kuchakaa, nani bado anaamka? Hata kama ni sita kati ya hamsini, hao sita ndio kazi yenu ilizaa.

Na mnapenda kutupa mfano wa Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu, aliyekimbia vita akiwa mtoto, akajifunza judo Kinshasa, na mwaka 2016 akapigana Rio katika timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi. Alishinda pambano lake la kwanza. Tunamshangilia, ni wetu. Lakini msitudanganye nalo. Timu ile ilikuwa na watu kumi kwa dunia nzima. Sisi wengine hatutaenda. Karate yenyewe iliingia Olimpiki ya Tokyo, na kwenye timu ya wakimbizi kulikuwa na Msiria, Wael Shueb, aliyefanya kata; halafu michezo ya Paris 2024 ikaitoa kabisa. Je, karate ilikufa? Watu waliendelea kuamka asubuhi. Zoezi linalosimama juu ya medali linaanguka medali ikiondolewa.

Wachungaji wetu pia, tusikilizane. Kuna mahubiri kwamba karate ni roho za Kijapani. Kijana akiinama mwanzo wa zoezi, anasalimia, kama anavyoinama kumpa mzee mkono. Kama kuinama ni kuabudu, basi Burundi nzima inaabudu kila siku. Na kuhusu silaha: nani amewahi kuwakataza Intore kucheza na mikuki na ngao? Kule Lamu, wakati wa Maulidi, wanaume wanacheza kirumbizi kwa fimbo, na watu wanapiga makofi. Fimbo mkononi mwa mtu mwenye adabu si jambo geni kwetu. Ugeni ni jina la Kijapani tu.

Na ninyi vijana wenzangu, msifikiri nawatetea bure. Nusu ya lawama ni yenu. Mnakuja siku ya picha. Mnavaa kimono barabarani ili wasichana waone. Wengine mmetumia teke mlilojifunza kugombana kwenye bomba la maji, na kwa teke moja mmewapa waoga sababu ya kutufunga sote. Ukitaka tukutetee, fanya zoezi lako wakati hakuna anayekuona. Robo saa kila siku. Siku hujala, fanya polepole, usitoe jasho, mwili wa njaa hauchezewi. Wasichana, najua asubuhi yenu inaanza na ndoo na moto. Kata inafanyika na kitenge kiunoni, na haiombi ruhusa ya uwanja. Fimbo usinunue. Mpini wa jembe unatosha. Wajapani wanasimulia kwamba Miyamoto Musashi alichonga upanga wake wa mti kutoka kwenye kasia la mtumbwi, na sisi tuna ziwa zima la makasia hapa.

Sitasema kwamba kata inazuia vita. Hakuna robo saa inayofanya hivyo. Lakini watu watakuja kumtafuta kijana huyu. Wanakuja kila mara, na pesa kidogo, na wimbo, na adui aliye tayari. Siku hiyo nataka wamkute mtu aliyezoea kujiamrisha mwenyewe, kwa sababu mtu wa namna hiyo anaweza angalau kuuliza "kwa nini?" kabla ya kupanda gari. Aliyezoea kusubiri amri na fulana atapanda.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na yote ni ya bei ndogo. Moja, fimbo zitoke stoo, na zitumike kwa zoezi la mtu mmoja mmoja, bila kupigana wawili wawili, mpaka wazee watakaporidhika. Mbili, geti la uwanja lifunguliwe saa kumi na moja na nusu, na mzazi yeyote aingie kuangalia, bila kutoa taarifa. Tatu, fimbo zifanyiwe upande wa nyuma, mbali na njia wanayopita wamama, na mama akisema "leo hapana", leo iwe hapana. Nne, kwenye ripoti zenu muongeze mstari mmoja: waliobaki baada ya miezi sita.

Mkikataa, tutaheshimu kufuli. Lakini mjue kwamba mpini wa jembe uko katika kila nyumba, na kesho saa kumi na moja na nusu mtu atausimamisha nyuma ya nyumba na kuanza kuhesabu hadi mia. Afadhali mje muone anavyohesabu.