Chipu Laini ya Ubongo Ni Moto, Lakini Fundi Ni Nani?

Wasee, hii wiki nimetumiwa video moja na watu kama watano: karatasi ya plastiki nyembamba kuliko unywele, imejaa nyaya za dhahabu, eti siku moja itawekwa juu ya ubongo kutibu kifafa na Parkinson. Kila mtu ananiuliza, "Umeona maajabu?" Nimeona. Lakini nina swali.

Kwanza tuwape haki yao. Ubongo ni laini kama maziwa ya mala, na hautulii. Ukipumua tu, unasogea kidogo. Ukiudunga kitu kigumu, unajenga kovu hapo, na kovu linaziba mawasiliano. Ndiyo maana watengenezaji wanamwaga plastiki nyembamba juu ya kioo, wanachora nyaya kwa kutumia mwanga, wanafunika na plastiki nyingine, kisha wanabandua kama stika. Hiyo stika inafuata mikunjo ya ubongo bila kuuumiza. Hapo nawavulia kofia.

Shida ni kwamba mwili ni maji ya chumvi. Ganda likiwa jembamba, maji yanapenya haraka na kula nyaya. Mwaka 2025, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu utando wa kampuni ya Precision Neuroscience ukae kwenye ubongo siku zisizozidi 30. Sasa, shangazi yangu amemeza tembe za kifafa tangu akiwa shule ya msingi. Siku 30 zitamsaidia na nini?

Halafu kuna hii ya Second Sight. Kampuni hiyo ya Marekani iliwawekea mamia ya vipofu kifaa cha Argus II ndani ya jicho. Pesa zikaisha, na wagonjwa wakabaki na mtambo mwilini, bila fundi wala spea. Ni kama matatu izime Salgaa usiku, dereva na makanga watoroke. Tofauti ni kwamba kwa matatu unaweza kushuka.

Kwa hivyo mimi sipigii wembamba makofi bado. Nataka mkataba ulioandikwa: kifaa kitadumu miaka mingapi, nani atakihudumia kampuni ikifungwa, na nani atalipa siku ya kukitoa. Shangazi akiniuliza kama akubali kufunguliwa kichwa, hayo ndiyo nitamwambia aulize kwanza.

Ama nyinyi mnaonaje? Niambieni hapo chini.