Daftari la wiki: Treni ya maboksi, Soweto

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imerudi soko la Soweto, Mbeya, kwa nguvu. Magunia ya viazi yanashuka kwenye magari yakiwa na kofia ya neti juu, na mkulima wa Umalila aliyejaza kofia hiyo analipwa bei ya gunia moja. Kikomo ni kilo 100 na hakuna asiyekijua. Nitaliandika jambo hili kila msimu mpaka mizani iwekwe pale mzigo unaposhushwa.

*

Baridi ya mwaka huu! Bei ya makoti ya mitumba Mwanjelwa inapanda kila jua linapochelewa kutoka.

*

Uchochoroni nyuma ya soko hilo hilo la Soweto nimekuta maonyesho ya treni. Hayana kiingilio wala tangazo, na mafundi wake wako darasa la nne au la tano. Mabehewa ni maboksi ya dawa ya meno, madirisha yamekatwa kwa wembe, moja moja, bila kupinda. Magurudumu ni ndala zilizokatwa duara. Kichwa ni kopo la mafuta ya kula lililogongwa mpaka likawa la mraba, taa zake vifuniko vya chupa za maji. Reli imechorwa chini kwa mkaa, inapita ubao uliotandikwa juu ya mtaro na kuingia kwenye handaki, yaani ndoo iliyopasuka.

"Shikamoo."

"Marahaba. Inakwenda wapi hii?"

"Kapiri."

Niliinama kutazama maungio. Kila behewa limeshikwa na mwenzake kwa kipande cha waya kilichokunjwa ndoana, kikaachiwa nafasi ya kucheza. Nikauliza kwa nini hawajakikaza. Mdogo wao akanijibu kwamba ukikaza, treni inaanguka kwenye kona. Hakufundishwa na mtu. Treni yao ilianguka, wakalegeza waya, ikapita.

Jambo hilo ndilo lililompa jina mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt, aliyeomba hataza yake mwaka 1907. Kichwa chake cha mvuke kilikuwa na sehemu mbili za magurudumu, mbele na nyuma, na tangi la mvuke likaning'inizwa katikati, ili mtambo mzito uweze kujipinda kwenye kona. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipokea vichwa 34 vya namna hiyo kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester katikati ya miaka ya 1950, daraja la 59, kila kimoja kikiwa na uzito unaozidi tani 250. Vilipewa majina ya milima yetu. Kimoja, Mount Gelai, unaweza kukigusa leo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Na kulikuwa na Mount Mbeya. Kulikuwa na Mount Rungwe pia. Vilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, kimoja kikibeba jina la mlima huu unaoonekana kutoka Soweto, lakini havikufika hapa hata siku moja. Wakati vinaundwa Mbeya haikuwa na reli, na reli ilipokuja ilikuwa na upana wa milimita 1,067, ilhali yao ni ya mita moja kamili.

Ninazitaja tani na milimita kwa makusudi, kwa sababu bado kuna wazazi wanaoita kazi ya wale watoto uchafu na kuifagia. Ila mchezo kama huo umewahi kuzaa ufundi: mwaka 1946 wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, walianzisha klabu ya treni za mfano. Baadhi yao hawakujali sana mandhari ya juu ya meza. Walijilaza chini yake na nyaya na swichi za simu, wakitafuta namna treni mbili zipishane bila kugongana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanafunzi walipoanza kuzifikia kompyuta za chuo, vijana wa klabu hiyo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzichezea usiku kucha na kuziandikia programu. Steve Russell, aliyeongoza uundaji wa mchezo wa kompyuta wa Spacewar! mwaka 1962, alitoka kwenye klabu ile.

Sasa sisi. Reli ya TAZARA, ya Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ina kilomita 1,860, na sehemu yake ya juu kuliko zote iko Uyole, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari. Ukiipunguza kwa kipimo ambacho wapenzi wa treni za mfano hukitumia zaidi duniani, moja kwa 87, reli nzima inabaki kilomita 21 na kidogo, karibu umbali wa Uyole na Mbalizi. Hatuhitaji zote. Nataka kipande cha Mlimba hadi Makambako, penye mahandaki na madaraja yaliyowatesa wajenzi, kikae juu ya meza ndefu katika viwanja vya John Mwakangale wakati wa Nane Nane. Wanafunzi wa chuo kikuu cha MUST wapige hesabu za miteremko. Wastaafu wa karakana ya TAZARA wasimame pembeni waseme ukweli wa kila handaki. Na treni ya maboksi ya Soweto iwekwe juu ya meza hiyo hiyo, ikiwa na majina ya walioiunda.

*

Lori jingine limekosa breki mteremkoni. TAZARA, reli iliyojengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haijawahi kuzifikia, na tofauti yake inapita Iwambi na Inyala kwa malori, usiku na mchana, mbele ya milango ya watu. Nina hasira, na sitaki kuipoza.

*

Zaidi ya Wachina 60 walikufa wakijenga TAZARA, na wako wanaolala Gongo la Mboto, makaburi yao yakitunzwa. Watanzania na Wazambia waliokufa kwenye kazi ile ile nao wana majina. Kama baba au babu yako ni mmoja wao, andika jina lake na kijiji chake sasa, angali hai anayemkumbuka.

*

Dereva wa bajaji aliyezima muziki msafara wa msiba ulipopita Mafiati: Mungu akuzidishie.

*

Mkataba wa kuifufua TAZARA mmeshausoma: kampuni ya CCECC, dola bilioni 1.4, miaka 30. Kila ninayekutana naye anauliza treni itafika Dar kwa saa ngapi. Swali langu ni jingine: vijana wangapi wa hapa watachukuliwa kujifunza ufundi wa vichwa na mabehewa, na usaili unaanza lini?