Mbwa afapo Mpanda: Kina cha shimo chazidi ukubwa wa chungu

KATIKA nchi za Ulaya na Marekani, mtu anayefiwa na mbwa au paka wake hukabiliwa na swali ambalo kwa wakazi wengi wa Mpanda lingeonekana kuwa la anasa: majivu ya mnyama huyo yahifadhiwe katika chombo cha ukubwa gani?

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa kila kilo moja ya uzito wa mnyama alipokuwa hai, hutengwa nafasi ya sentimita za ujazo zipatazo 36. Kwa hiyo mbwa wa kilo 20 huhitaji chombo cha sentimita za ujazo 720 hivi, yaani pungufu ya lita moja, na majivu ya paka wa kilo nne hayajazi hata kikombe cha chai.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina maana pale tu penye tanuri maalumu, ambalo hudumisha joto kubwa hadi ibaki mifupa mikavu inayosagwa kuwa unga. Moto wa kuni unaowashwa uani hauwezi kazi hiyo. Huunguza ngozi, ukaacha nyama na mifupa, na hula kuni katika mkoa ambao misitu yake ya miombo tayari inaelemewa na mkaa na mashamba mapya.

Kwa mantiki hiyo, swali la Mpanda si la chungu bali la shimo. Nalo linazidi kuwa gumu kila mwaka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi, ambao ndiyo kwanza ulikuwa umemegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 1.1. Watu wanapoongezeka kwa kasi hiyo viwanja hubanana, visima husogeleana na vyoo, na ua lililotosha kumfukia mbwa hugeuka kuwa chumba cha mpangaji. Kinachobaki ni mtaro, jalala au kichaka cha jirani.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mbwa ni mlinzi wa nyumba za mjini na mwenzi wa mfugaji porini, lakini pia ndiye chanzo cha takribani asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa ni nadra mno kupona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 1,500 kila mwaka nchini Tanzania, na duniani kote miongoni mwa waathirika wamo watoto wengi. Mzoga uliotupwa jalalani huchezewa na watoto hao hao na huliwa na mbwa wengine.

Athari haziishii mjini, kwani Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye simba, fisi na mbwa mwitu, ni jirani wa Mpanda. Mwaka 1994, ugonjwa wa virusi uliohusishwa na mbwa wa vijijini uliangamiza takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, ambao ni kama simba 1,000. Funzo hilo halipaswi kurudiwa magharibi mwa nchi.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa hatari atoe taarifa. Kwa mbwa aliyekufa baada ya kuuma watu au kubadilika tabia, taarifa kwa ofisa mifugo hutangulia shimo, kwa kuwa ubongo wake ndio huthibitisha ugonjwa maabara. Aliyeumwa naye haraka aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi hospitali kupata chanjo. Mbwa aliyekufa kwa sababu nyingine afukiwe mbali na kisima, afunikwe kwa udongo wa walau mita moja, asije akafukuliwa na fisi, na anayemshika avae glovu.

Ni dhahiri kwamba mwananchi peke yake hawezi kulibeba jambo hili. Mji unaopimiwa viwanja vya makazi, masoko na makaburi ya watu unahitaji pia kupimiwa eneo la kufukia wanyama, lenye msimamizi na lililo mbali na vyanzo vya maji. 

Aidha, chanjo ikiwafikia asilimia 70 ya mbwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Mbwa anayechanjwa akiwa hai na kuzikwa kwa kina akifa amepewa heshima ya kutosha, hata kama hakuna chungu rafuni cha kumkumbuka.