Kabla Ufunge Mabegi

Wasee wa Rotaract mnaojipanga kwenda Ujerumani, najua mko bize na pasipoti, viza na ile bima ya Schengen ya angalau euro 30,000. Poa. Lakini safari hii ni ya kubadilishana tamaduni. Zao utazikuta huko. Wewe unabeba gani? Mwenyeji wako atauliza: jina lako lina maana gani? Kwenu mahari hulipwa aje? Ugali unasongwa aje? Utatafuta jibu kwa simu mbele yake?

Mimi niliacha chuo, lakini hili naliona wazi. Wikendi hii panda matatu uende kwa shosho. Kaa naye jikoni, uliza, rekodi. Jaketi utaipata Gikomba hata siku moja kabla ya ndege. Shosho naye anazeeka.