Tunachomwa, Hatutibiwi

Simama asubuhi kwenye foleni ya malori pale Chapwa, karibu na mpaka wa Tunduma, utamwona. Dereva anashuka kwenye semi kinyumenyume, mkono kiunoni, anangoja mgongo ukubali kunyooka, kisha anajikokota hadi duka la dawa. "Nipe ya mgongo." Hapimwi wala haulizwi. Anachomwa diklo, anapewa vidonge kwenye kikaratasi, anarudi kukaa palepale palipomuumiza. Foleni haijasogea.

Eti hiyo ndiyo tiba! Mimi nimeinunua mwaka mzima. Huyu kaniambia ngiri, yule UTI sugu, wa tatu kaniuzia chupa ya mizizi ya "mgongo na nguvu za kiume", viwili kwa bei ya kimoja. Hakuna hata mmoja aliyeniambia niiname aone. Kilichobadilika ni tumbo langu, maana diklofenaki ikitumiwa kiholela huchimba vidonda vya tumbo na kuumiza figo.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenipokea mwishowe hakuniandikia dawa. Alinilaza chali mkekani, magoti juu: nyanyua kiuno, hesabu hadi kumi, shusha. Nilimwona tapeli. Wiki ya sita nikainama kufunga kamba za viatu.

Wala hakuzua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unataja mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Mikanda ya kiuno inayotundikwa madukani hauipendekezi. Lakini zoezi haliingii kwenye chupa, nani atalipigia kipaza sauti? (Ukifa ganzi mapajani, miguu ikilegea au mkojo ukikushinda, achana na mkeka: hospitali siku hiyohiyo. Homa za jioni na kukonda, kapime kifua kikuu. Nacho hula uti wa mgongo.)

Na kuli je? Lumbesa imepigwa marufuku, gunia lisizidi kilo 100, nasi tunaisifu sheria kana kwamba kilo 100 juu ya shingo ya mtu ni huruma. Tangu 1967 Shirika la Kazi Duniani limependekeza mzigo wa mwanamume mmoja ushushwe hadi kilo 55. Kuli wetu anabeba karibu mara mbili yake, jioni anachomwa, asubuhi yuko tena nyuma ya lori, ameinama, anasema: "Nitwishe."